Asilimia 41 au 32? Kisa cha mbanguaji korosho wa Mikindani

Alikuja na risiti mbili za duka la dawa, nyuma zimeandikwa kwa kalamu. Ya kwanza: kilo 66.9, mafuta 38.9%, kiuno 87. Ya pili, ya siku kumi baadaye: kilo 65.2, mafuta 41.6%. Katikati ya siku hizo kumi alikuwa akinywa chai ya kupunguza tumbo, yenye sanamaki (majani ya kuharisha) kwa wingi, aliyouziwa palepale alipopimiwa. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, hapa mimi nimepungua au nimenenepa?"

Ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Mikindani, Mtwara, anabangua korosho kwa mkono tangu asubuhi hadi alasiri, kakaa kwenye kigoda. Ana watoto wawili, mdogo ana miaka minne. Hana ujauzito, hanyonyeshi, hatumii sindano ya uzazi wa mpango wala dawa yoyote ya kudumu. Presha 118/76, sukari ya kufunga 4.9. Ni mzima, na hilo lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu vipimo vyote vinavyofuata vina maana moja kwa mtu mzima na maana nyingine kabisa kwa mwenye miguu iliyovimba au figo zinazosumbua.

Risiti zinajipinga zenyewe

Kabla ya kumgusa na tepu, risiti zenyewe zilitosha kuonesha kuna jambo haliko sawa. Kilo 66.9 mara 38.9% ni kilo 26.0 za mafuta, na kilichobaki (misuli, mifupa, maji, viungo) ni kilo 40.9. Siku kumi baadaye, 65.2 mara 41.6% ni kilo 27.1 za mafuta na 38.1 za vingine. Yaani mashine inadai kwamba mama huyu, akiwa anakula kidogo kuliko kawaida yake na anakwenda chooni mara tatu nne kwa siku, aliongeza kilo 1.1 ya mafuta na kupoteza kilo 2.8 za vitu vingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Kuongeza kilo 1.1 kunataka ziada ya kilokalori 8,500 hivi, karibu 850 kila siku juu ya mahitaji yake. Kwa uji wa asubuhi na ugali wa muhogo nusu sahani jioni, hesabu hiyo haina pa kutokea.

Kilichotoka ni maji na vilivyokuwamo tumboni. Mizani ya kawaida iliona upungufu huo ikasema amepungua. Mashine ya umeme iliona upungufu uleule ikasema amenenepa. Zote mbili zilipima kitu kimoja.

Mafuta ni chenji

Mizani za kupima mafuta kwa miguu zina mabamba ya chuma, mbele na nyuma ya kila unyayo. Mkondo mdogo wa umeme, mara nyingi wa kilohezi 50, huingia mguu mmoja, hupanda pajani, hukatiza nyonga na kushukia mguu wa pili. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, mafuta huukinza. Mashine hupima ukinzani huo, huchukua urefu ulioingizwa, huuzidisha wenyewe kwa wenyewe, hugawanya kwa ukinzani, na kutokana na namba hiyo hukadiria maji ya mwili. Kutoka kwenye maji hukadiria mwili usio mafuta. Kinachobaki kwenye uzito ndicho inachokiita mafuta. Ni chenji inayorudi baada ya hesabu nyingine zote, na kosa lolote la huko juu hutokea kwenye chenji.

Katika kisa hiki makosa yalikuwa matatu, na hayakulingana uzito.

La kwanza ni urefu. Dukani aliulizwa urefu wake, akasoma kwenye kadi ya kliniki: 153. Tulipompima ukutani, bila viatu, visigino vimegusana na kugusa ukuta, macho mbele kiasi kwamba ukingo wa chini wa tundu la jicho uko sawa na tundu la sikio, alikuwa na sentimita 158.0. Hapo msuko uliokuwa umefungwa juu ya utosi ulifunguliwa kwanza. Msuko wa namna hiyo hupandisha urefu kwa sentimita mbili tatu, na kuukandamiza kwa ubao hakusaidii, unadunda. Kwa kuwa mashine huzidisha urefu kwa urefu, tofauti ya sentimita 5 huifanya namba ya ndani ishuke kwa 6%, maji yaonekane machache, na mafuta yaonekane mengi.

La pili ni maji yenyewe: siku kumi za sanamaki, na kipimo kuchukuliwa saa tisa alasiri baada ya kazi ya jua kali, bila kunywa kitu tangu saa nne.

La tatu ni magaga. Ngozi nene, kavu, iliyopasuka ya kisigino ni kizuizi cha umeme, na mashine haijui kutofautisha ukinzani wa gaga na ukinzani wa mafuta. Kwa wanaovaa kandambili mwaka mzima na kutembea mchangani, hili si jambo la mmoja mmoja. Wenye mashine za kushika mkononi wasidhani wamelikwepa: mbanguaji korosho ana vidole vilivyoungua na kukakamaa kwa mafuta ya ganda, na huko nako umeme unapata tabu.

Aliombwa aache ile chai, ale na kunywa kama kawaida kwa wiki moja, kisha aje saa nne asubuhi. Saa nne ilichaguliwa kwa sababu. Mtu akitoka kitandani maji ya mwili bado hayajashuka miguuni, na mashine ya miguu humwonesha ana mafuta mengi kuliko baadaye. Aliyesimama au kukaa kutwa nzima naye miguu hujaa maji, namba ikashuka. Saa tatu au nne baada ya kuamka, hajala ndani ya saa tatu, amekojoa, hajafanya kazi ya kutoa jasho, ndio wakati unaorudiwa kwa urahisi. Alikuwa siku ya nane ya mzunguko wake, hivyo maji yanayojikusanya siku chache kabla ya hedhi hayakuwapo. Kwa wanaofunga Ramadhani, kipimo cha alasiri ya funga kisilinganishwe kamwe na cha baada ya Idi.

Asubuhi hiyo uzito ulikuwa kilo 66.4. Mizani iliwekwa juu ya sakafu ya saruji. Ikikaa juu ya mkeka au mchanga haisomi sawasawa. Tulianza kwa kuingiza urefu wa uongo, 153, ili kuiga kosa la dukani: 39.2%. Urefu sahihi: 36.9%. Kisha nyayo zikasuguliwa kwa jiwe, zikaoshwa, zikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu: 36.4%. Kwa hiyo ile 38.9% ya risiti ya kwanza ilikuwa kwa sehemu kubwa kosa la kuandika urefu, na kuruka hadi 41.6% kulikuwa kukauka. Magaga yalichangia nusu pointi tu, ingawa ndiyo mwenyewe aliyoyaonea haya zaidi.

Kioo cha mashine kilionesha pia namba ya "mafuta ya ndani ya tumbo". Umeme wa miguuni haupandi kwenda kuzunguka ini na utumbo. Namba hiyo hupikwa kutoka uzito, urefu na umri. Hatukuiandika kwenye fomu.

Kiuno kimoja, namba nne

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Dukani walipata 87. Sisi, asubuhi moja na kwa mtu yuleyule, tulipata 85.0, 79.5 na 76.0, na zote tatu ni sahihi. Hutegemea tepu imekaa wapi. Mstari wa tahadhari kwa wanawake ni 80 na wa hatari kubwa ni 88. Mtu akisogeza tepu vidole vinne anaweza kumtoa mwanamke upande mmoja wa mstari na kumpeleka wa pili bila gramu moja ya mafuta kuongezeka.

Ile 87 ilipimwa juu ya kitovu, juu ya dera, na juu ya shanga. Kusini huku shanga za kiunoni si pambo la kuoneshwa kila mtu. Mpimaji awe mwanamke, mlango ufungwe, na asiamuru zivuliwe. Inatosha mwenyewe azisogeze. Uzi wa shanga wenye unene wa milimita 3, tepu ikipita juu yake pande zote, huongeza mzunguko kwa mara 6.28 ya unene huo, karibu sentimita 1.9. Tumbo ni laini, shanga huzama kidogo, kwa hiyo huwa pungufu ya hapo, lakini dera na mikunjo yake hufidia. Zilipotoka zote mbili njiani, kitovuni palibaki 85.0.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupimi kitovuni. Kitovu huhama: tumbo likilegea baada ya uzazi hushuka, mtu akinenepa hushuka zaidi. Unatafuta mfupa. Mama alisimama miguu pamoja, uzito sawa kwa miguu yote, mikono imening'inia. Akaelekezwa abonyeze ubavu wake mwenyewe kwa vidole, kutoka kwapani kushuka, mpaka ubavu wa mwisho unaogusika unapoishia. Hapo ikawekwa nukta ya kalamu. Kisha mfupa wa nyonga kutoka chini kupanda, mpaka ukingo wake wa juu. Nukta ya pili. Kati ya nukta hizo kulikuwa na sentimita 9, na katikati, 4.5, ikachorwa alama. Kwa wanene mfupa wa nyonga hujificha. Mwambie ainame kidogo upande huo, ngozi ikilegea utaukuta.

Tepu ikazungushwa juu ya alama. Mpimaji alichuchumaa ubavuni, macho usawa wa tepu, na msaidizi akaangalia mgongoni, kwa kuwa tepu hupenda kuteleza chini nyuma bila anayepima mbele kujua. Iguse ngozi bila kuizamisha. Isomwe mwisho wa pumzi ya kawaida ya kutoa. Karibu kila mwanamke hubana tumbo tepu inapomgusa, hata asiyekusudia. Dawa yake ni kumuuliza kitu, bei ya korosho ikoje mwaka huu, na kusoma anapomaliza kujibu. Mara ya kwanza 79.3, mara ya pili 79.7. Tofauti haikuzidi sentimita 1, wastani ukawa 79.5. Ikizidi, unaanza upya kwa kutafuta mifupa tena.

Ile 76.0 ni sehemu nyembamba kuliko zote, juu ya kitovu. Ina kazi yake kwenye fomula moja itakayotajwa chini, na haistahili kulinganishwa na 80.

Tepu nayo ilikuwa shahidi aliyehitaji kuhojiwa. Tepu ya fundi cherehani, ya plastiki au kitambaa, hunyooka kwa kuvutwa na joto. Iliyotumika ililazwa kando ya futi ya chuma: alama ya 100 ilikaa juu ya 100. Ya pili iliyokuwapo chumbani ilifika 101.5, ikatupwa. Tepu hiyo ingesoma kiuno cha kweli cha 81 kama 79.8, na mwanamke angeambiwa yuko salama.

Nyonga hupimwa makalio yanapotokeza zaidi, si kwenye mfupa. Shanga zilipandishwa juu, kanga moja nyepesi isiyofungwa fundo: 105.8 na 106.2, wastani 106.0.

Mkunjo wa ngozi

Kalipa, koleo la kupimia unene wa mkunjo wa ngozi, ndicho kifaa kinachogusa mafuta yenyewe, na ndicho kinachoharibika zaidi mikononi mwa mtu asiyezoea. Kalipa nzuri hubana kwa nguvu ileile, gramu 10 kwa kila milimita ya mraba, ifunguke kidogo au sana. Za plastiki za bei rahisi hubana kadiri ya kidole chako.

Sehemu zilikuwa nne, upande wa kulia: mbele ya mkono juu ya msuli, nyuma ya mkono katikati ya ncha ya bega na kiwiko, chini ya ncha ya bawa la bega kwa mshazari, na juu ya mfupa wa nyonga ubavuni. Kila moja ilichorwa alama kabla ya kushika kalipa. Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi asubuhi. Yalifutwa kwa kitambaa kikavu, la sivyo mkunjo huponyoka vidoleni na kalipa hushika nusu. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto hunyanyua ngozi na mafuta yake, sentimita 1 juu ya alama, na kuendelea kushikilia. Kalipa hukaa kwenye alama, huachiwa ibane, na namba husomwa baada ya sekunde mbili. Ukisubiri zaidi mafuta husogea na namba hushuka mbele ya macho yako. Ukiwa na shaka kama umeshika na msuli, mwambie akaze mkono: msuli utajivuta na kutoka.

Sehemu zote nne hupimwa kwa mzunguko, kisha unarudi mwanzo, mara tatu. Usipime mahali pamoja mara tatu mfululizo, kwa kuwa mafuta yaliyokwisha kubanwa hayajarudi. Mkono mbele ulitoa milimita 10.0, nyuma 22.0, chini ya bega 19.0. Juu ya nyonga kulitokea hitilafu: 17.0, kisha 21.4, kisha 16.8. Mzunguko wa pili mpimaji alikunja ngozi wima badala ya kufuata mshazari wa mstari wake wa asili, akabeba mafuta ya ziada. Kwa sababu hiyo hatuchukui wastani hapa, tunachukua namba ya katikati: 17.0. Wastani ungekuwa 18.4 na ungebeba kosa milele.

Jumla ni milimita 68. Fomula ya watafiti Durnin na Womersley ya mwaka 1974, kwa wanawake wa miaka 30 hadi 39, ni densiti (uzito wa mwili kwa ujazo wake) = 1.1423 toa (0.0632 mara logi ya jumla). Logi ya 68 ni 1.8325, densiti ikawa 1.0265. Kisha fomula ya mtafiti aitwaye Siri: 495 gawanya kwa densiti, toa 450. Jibu 32.2%.

Fomula hiyo ina kituko chake. Kila kundi la umri lina mstari wake, na ngazi kati yao ni kali. Mikunjo ileile ya milimita 68, kwa mstari wa miaka 40 hadi 49, hutoa 34.7%. Mama huyu akilala ana miaka 39 na kuamka ana 40, "ataongeza" pointi mbili na nusu usiku mmoja. Anayefuatiliwa miaka mingi afuatiliwe kwa jumla ya milimita, asilimia ikae pembeni.

Njia mbili za haraka tulizitumia kama mashahidi tu. BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 66.4 gawanya kwa 1.58, kisha tena kwa 1.58, yaani 26.6; ukiitia kwenye fomula ya Deurenberg (BMI mara 1.2, jumlisha umri mara 0.23, toa 5.4 kwa wanawake) unapata 34.3%. Fomula ya Jeshi la Wanamaji la Marekani hutumia kiuno chembamba, nyonga, shingo na urefu: 76.0, 106.0, 32.5 na 158.0 hutoa 35.1%. Ukiiwekea kiuno cha kitovuni, 85.0, inaruka hadi 39.3%. Simu nyingi zina programu inayofanya hesabu hii bila kusema kiuno kipi.

Alichoambiwa

32.2, 34.3, 35.1, 36.4. Hizi hazigombani. Kosa la kawaida la fomula ya mikunjo kwa wanawake ni karibu pointi 3.5 juu au chini, na njia nyingine hazina ubora kuizidi. Jibu la haki ni kwamba ana mafuta kati ya 32% na 36%, kilo 21 hadi 24, na anayempa namba yenye desimali anamuuzia desimali. Jedwali la Gallagher na wenzake la mwaka 2000, kwa wanawake weusi wa Marekani wa miaka 20 hadi 39, linaweka 32% sambamba na BMI ya 25 na 38% sambamba na 30. Yuko pale BMI yake inapotabiri awe.

Kuhusu mgawanyo wa mafuta kuna zaidi la kusema. Kiuno gawanya kwa nyonga ni 0.75, mbali na mstari wa 0.85. Mikunjo inakubaliana: nyuma ya mkono ni nene kuliko chini ya bega na juu ya nyonga, ingawa si kwa mbali. Mafuta yake yamekaa zaidi makalioni na mapajani, mahali ambapo homoni za kike huyapeleka kabla ya kukoma hedhi, na mafuta ya huko hayaendi sambamba na kisukari kama ya tumboni. Kwa kiuno kilekile, mwenye nyonga pana huwa na hatari ndogo. Kumwambia mwanamke wa namna hii "una kitambi" kwa sababu ya tepu ya kitovuni ni kosa la fani, na kumuuzia sanamaki juu yake ni jambo jingine.

Ila asiambiwe pia kwamba yote ni shwari. 79.5 iko nusu sentimita chini ya 80, na mpimaji wetu hana mkono wa nusu sentimita. Kigezo kingine, kiuno kisizidi nusu ya urefu, kwake ni 79.0, na amekizidi. Vigezo viwili, majibu mawili, kiuno kimoja. Inafaa kujua mstari wa 80 ulitoka wapi: ni kazi ya Lean na wenzake, mwaka 1995, kwa watu wa kaskazini ya Glasgow, ukachaguliwa kwa kuwa ulilingana na BMI ya 25 kwao. Durnin na Womersley nao walipima Glasgow, wanawake 272. Mbanguaji wa Mikindani anahukumiwa mara mbili kwa miili ya mji mmoja wa Uskoti. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linashauri Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie namba za Ulaya mpaka zao zipatikane, na ndivyo tulivyofanya. Tafiti za Marekani na Afrika Kusini zimeona kwamba kwa kiuno kilekile wanawake weusi huwa na mafuta machache ya ndani ya tumbo kuliko weupe, hivyo mstari huo pengine ni mkali kwake. Mifupa yao nayo huwa mizito kwa wastani, na fomula ya Siri, inayodhani mwili usio mafuta una densiti ya 1.100 kwa kila mtu, haikuliwaza hilo.

Jibu la swali lake lilikuwa: hukunenepa, na ulichopungua ulikinywa kikarudi. Aliambiwa aache mashine ya dukani na arudi baada ya wiki 12, saa zilezile, siku zilezile za mzunguko, kwa mpimaji yuleyule.

Kabla ya hapo ilibidi kujua mabadiliko ya kiasi gani yahesabiwe kuwa ya kweli. Mpimaji alipima viuno vya wanawake kumi mara mbili bila kuona namba za kwanza. Tofauti za kila mmoja zikazidishwa zenyewe kwa zenyewe, zikajumlishwa: 7.2. Gawanya kwa 20, chukua kipeuo cha pili: 0.6. Hilo ndilo kosa la mkono wake. Kizidishe kwa 2.77: sentimita 1.7. Chochote chini ya hapo ni mkono, si mwili.

Wiki ya 12

Alirudi katikati ya Oktoba. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Kigoda kilikuwa kimebadilishwa na kuinama na kuokota shambani kuanzia alfajiri. Hakufuata mlo wowote maalumu. Uzito 66.0, pungufu ya gramu 400, kitu ambacho glasi mbili za maji zinaweza kukirudisha. Mashine ya miguu, kwa urefu sahihi na nyayo zilizosuguliwa: 36.1%. Kwa vipimo hivyo viwili hakuna kilichotokea.

Kiuno kwenye alama ya mifupa kilikuwa 76.8. Kimeshuka 2.7, kimeivuka ile 1.7, na sasa ni 0.49 ya urefu. Jumla ya mikunjo ilishuka kutoka 68 hadi 61, na nyingi ya milimita hizo zilitoka juu ya nyonga na chini ya bega. Nyuma ya mkono ilibaki 21.6. Kwa fomula ni 30.8%, pointi 1.4 chini ya mwanzo. Asilimia hiyo peke yake isingetosha kusema lolote, imo ndani ya kosa la 3.5. Lakini milimita zilisomwa na mkono uleule, kalipa ileile, na tepu imeelekeza upande uleule.

Nyonga zilikuwa 105.2. Tofauti ya 0.8 haikuhesabiwa. Tepu ililazwa tena kando ya futi ya chuma kabla hajaondoka, na 100 ilikuwa bado 100.